Mbao Zisizotajwa kwenye Hati za Mzigo

Wasikilizaji, kontena la vigae linapoteremshwa Dar es Salaam au Mombasa, hati zake husema mengi. Zinataja vigae, idadi ya katoni, uzito, thamani, bandari ulikopakiwa mzigo na jina la mwenye mali. Kitu kimoja hakitajwi kama bidhaa, nacho ni mbao. Zimo humo ndani, paleti chini ya kila fungu la katoni, pamoja na vipande vya kukazia mzigo usiyumbe baharini. Hakuna aliyeziagiza, hakuna anayezilipia ushuru kama mbao, na mara nyingi ni za daraja la chini kabisa, zile ambazo fundi wa makabati asingezitazama mara mbili. Mti uliougua, uliokauka umesimama au ulioanza kuliwa na wadudu haufai kwa samani, lakini kwa paleti unafaa sana. Ndiyo maana mbao hizi duni, zinazovuka bahari kila siku, zimetungiwa kanuni yake ya kimataifa. Ni kiwango namba 15 cha hatua za afya ya mimea, kwa kifupi ISPM 15, kilichopitishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, mkataba ambao sekretarieti yake iko Roma, kwenye makao makuu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Huku kwetu kiwango hiki hutajwa zaidi na wanaopeleka mali nje: wenye parachichi, chai, maua, kahawa. Hutajwa kama sharti la wanunuzi wa ng'ambo, ada nyingine ya kulipa kabla ya kufika sokoni. Hoja yangu leo ni kwamba tumelishika jambo hili kwa upande wake mdogo. Paleti inayotoka inalinda misitu ya wenzetu, na faida yetu hapo ni kwamba mzigo haurudishwi. Paleti inayoingia inagusa misitu yetu wenyewe, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia kidogo mno.

Masharti yenyewe si mengi. Kwanza magome yaondolewe. Kipande cha gome kinaweza kuachwa kama upana wake haufiki sentimita 3, hata kiwe kirefu vipi. Kikiwa kipana zaidi, eneo lake lisifikie sentimita 50 za mraba. Pili mbao zitibiwe, na njia inayotumika zaidi ni joto: kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za Selsiasi na kikae hapo dakika 30 mfululizo. Hapo kwenye kiini ndipo penye kazi. Kipimajoto huchomekwa ndani ya ubao mnene kuliko zote zilizomo tanurini, katika tundu lililotobolewa kwa ajili hiyo, na dakika hazianzi kuhesabiwa mpaka katikati ya ubao huo ifike 56. Hewa ya tanuri inaweza kuwa kali kwa muda mrefu huku moyo wa kipande kinene ungali vuguvugu tu. Anayesoma joto la hewa na kufunga hesabu amepasha ngozi ya mbao na kuwaachia mabuu chumba chao kama kilivyokuwa. Ipo pia njia ya kupasha kwa mawimbi kama yale ya jiko la maikrowevu, nyuzi 60 kwa dakika 1 katika ubao mzima, na zipo gesi mbili, methili bromidi na sulfurili floridi, ambayo iliongezwa baadaye.

Baada ya tiba unafuata mhuri. Ni kisanduku kilichogawanywa, upande mmoja suke la ngano lenye herufi IPPC, upande wa pili herufi mbili za nchi, tuseme TZ au KE, kisha namba ya aliyetengeneza au kutibu, kisha herufi za tiba: HT kwa joto, DH kwa mawimbi, MB na SF kwa gesi. Unachapwa kwenye mbao yenyewe, hauandikwi kwa mkono, hauwi lebo ya kubandua, na rangi nyekundu na ya chungwa huepukwa kwa sababu hizo zimewekwa kwa bidhaa za hatari. Plaiwudi haihitaji mhuri, wala mbao nyembamba zisizozidi milimita 6, kwani ya kwanza imekwisha kupitia gundi, joto na mgandamizo kiwandani, na ya pili haina nafasi ya kumficha mdudu mkubwa. Angalia pia kwamba mhuri hauna tarehe ya mwisho. Paleti iliyotibiwa leo inaweza kuzunguka dunia miaka kumi bila kurudi tanurini, mradi isifanyiwe matengenezo. Nitalirudia hili la matengenezo.

Kwa nini ulimwengu ulijisumbua? Mwaka 1996, katika mtaa wa Greenpoint, Brooklyn, jijini New York, alionekana mbawakawa mweusi mwenye madoa meupe na papasio ndefu kuliko mwili wake, asili yake China na Korea. Mabuu yake huchimba mashimo ndani ya shina la mti hai, na mtu mzima hutoka kwa tundu la mviringo kamili, unene wa penseli. Mwaka 1998 akaonekana Chicago, na kabla ya mwaka huo kwisha Marekani ikaitaka China itibu mbao zake za kufungashia. Mwaka 2008 akagunduliwa Worcester, jimboni Massachusetts, na humo ikakatwa miti zaidi ya 30,000. Jambo la kutisha katika kisa cha Worcester ni muda kuliko hesabu ya miti. Wataalamu walipochunguza makovu ya mashina walikuta mdudu amekaa pale miaka kama kumi kabla ya mtu yeyote kumtambua. Sharti la 1998 lilimkuta ameshaingia. Na huko Detroit, mwaka 2002, akatambuliwa mwingine, mdogo, wa kijani kinachometa, anayeaminika kuwa alifika ndani ya mbao za kufungashia katika miaka ya 1990. Huyo ameua makumi ya mamilioni ya miti ya jamii ya Fraxinus, ule mti ambao Wamarekani walizoea kutengenezea magongo ya besiboli.

Msikilizaji atasema: hiyo ni miti ya nchi za theluji, sisi yatuhusu nini? Basi tuje Afrika. Mwaka 1994, katika rasi ya Cape nchini Afrika Kusini, aligunduliwa nyigu wa mbao aitwaye Sirex noctilio, ambaye asili yake ni Ulaya, sehemu za Asia na Afrika Kaskazini. Jike hutoboa shina la paina kwa mrija wake wa kutagia, na pamoja na yai huacha ute wenye sumu na chembe za kuvu. Ute hudhoofisha mti, kuvu huikausha mbao, na buu hula mbao iliyokwisha kulainishwa. Anaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi, na ubao uliopasuliwa wakati huo husafiri naye. Kutoka Cape nyigu huyo alisogea mashariki hadi KwaZulu-Natal, na huko akaiumiza sana Pinus patula. Sasa, Pinus patula ndiyo paina ya Sao Hill. Ndiyo iliyojaa katika shamba kubwa la miti la serikali pale Mufindi, na ndiyo iliyopandwa na maelfu ya wakulima wadogo wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, watu wanaohesabu ada za watoto na mabati ya nyumba kwa idadi ya miti iliyosimama. Ni mti mgeni, wa asili ya Mexico, umepandwa kwa mistari, umri mmoja, maili kwa maili, na umestawi kwetu kwa sehemu kwa sababu adui zake wengi walibaki walikotoka. Shamba la namna hiyo ni chakula kilichoandaliwa kwa mdudu yeyote atakayefika mzima.

Na tunajua mdudu mgeni akishafika huwa nini. Dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo hakuna ghala la mahindi Tanzania lisilomjua. Amekwisha kuenea sehemu kubwa ya Afrika. Huyo hakuja na paleti, anahusishwa na nafaka iliyoagizwa, ingawa ukoo wake ni ukoo wa watoboa mbao na porini bado huishi katika miti. Namtaja kwa sababu moja tu: miaka zaidi ya arobaini ya dawa, semina na mifuko maalumu ya kuhifadhia imepunguza hasara, haijamtoa.

Ni haki pia kueleza yasiyoisaidia hoja yangu. Wadudu waliokwisha kutia hasara kubwa kwenye mashamba ya miti ya Afrika Mashariki hawakuhitaji paleti. Vidukari wa misaipresi walionekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, na nyigu mdogo anayevimbisha majani ya mikaratusi alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002. Wadudu wa namna hiyo, wanaoishi kwenye majani na matawi mabichi, husafiri zaidi na miche na vipandikizi. Kuna pia mnyoo mdogo wa paina kutoka Amerika Kaskazini, aliyeangamiza misitu ya Japani katika karne ya 20 na kugunduliwa Ureno mwaka 1999. Huyo huua zaidi penye kiangazi cha joto, na nyanda zetu za juu ni za baridi. Mtu anaweza kuyaunganisha haya akasema hatari ya mbao za kufungashia kwetu imetiwa chumvi. Jibu langu ni kwamba miche hai tayari inadaiwa kibali na cheti cha afya, na kila ofisa anajua kwamba ni mimea. Mbao za kufungashia hupita kwa jina la vigae. Na nyigu wa Cape hakuhitaji joto la Japani; alihitaji paina tu, na ikiwezekana paina zilizobanana, zilizochelewa kupunguzwa. Anayelifahamu shamba la mkulima mdogo asiye na fedha za kupunguzia miti anajua zipo wapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mhuri wenyewe haufanyi kazi, kwa kuwa wadudu hai hukutwa kwenye mbao zilizopigwa mhuri. Ni kweli hukutwa. Lakini tazama vipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukitumia takwimu za ukaguzi wa Marekani ulionyesha kwamba baada ya kiwango kuanza kusimamiwa, kiasi cha mizigo yenye watoboa mbao kilipungua kwa kati ya asilimia 36 na 52, kikakaribia mzigo 1 katika 1,000. Anayetaka asilimia 100 atasema kiwango kimeshindwa. Mimi naona vingine. Mdudu hahamii nchi kwa kufika mara moja. Wengi hufa bila kupata mwenza wala mti. Kila unapopunguza idadi ya wanaofika, unapunguza nafasi ya dume na jike kukutana katika bandari moja, majira yaleyale. Makadirio mengine ya mwaka huohuo, ya wanaikolojia na wachumi, yalisema Marekani ingetangulia kupata hasara kwa gharama za tiba, kisha faida ingezidi gharama na kupita dola bilioni 11 kufikia mwaka 2050. Si faida ya haraka, na sioni sababu ya kuificha hiyo.

Ila takwimu hizo zina jambo lililojificha. Zilipatikana kwa sababu kuna watu waliofungua makontena wakatazama. Mhuri ni ushahidi wa aliyeupiga. Hauna nguvu kuliko hofu yake ya kuulizwa. Mwenye kiwanda cha paleti anayefanya ujanja, awe bara lolote, ana akili timamu: mbao zilizokaa tanurini sawasawa atazipeleka kunakokaguliwa, na zile alizozipiga mhuri zingali mbichi atazielekeza kusikokaguliwa. Sina haja ya kumtuhumu mtu kusema hivyo, ndivyo soko lolote linavyopanga mali yake. Kwa maana hiyo nchi isiyotazama mbao zinazoingia haibaki na hatari ya wastani wa dunia. Hupokea masalia ya wanaotazama.

Wapo wanaosema, na kwa uchungu, kwamba kanuni hizi ni ukuta uliojengwa kuzuia bidhaa za Waafrika. Sikatai kwamba viwango vya mazao vimewahi kutumika hivyo. Hiki lakini ni shahidi mbaya wa tuhuma hiyo. Mnyoo wa paina alipoingia Ureno, mbao za kufungashia za Ureno zilitakiwa kutibiwa na kupigwa mhuri hata zikienda kwa ndugu zake wa Umoja wa Ulaya. Na Uingereza, iliyokuwa ikipeleka paleti zake Ufaransa bila swali, ilijikuta Januari 2021 nayo ikitafuta tanuri na mhuri, kwa sababu imetoka kwenye umoja. Gharama ipo, na kwa msafirishaji mdogo wa parachichi wa Rungwe inauma kuliko kwa kampuni kubwa. Inaweza kupunguzwa. Paleti yenye mhuri inaruhusiwa kutumika tena na tena. Kasha la plaiwudi halihitaji tiba. Na tanuri moja pale Mafinga, karibu na mbao zenyewe, linaweza kuhudumia wengi. Gharama ya kupuuza ni kubwa zaidi, maana mzigo ukikutwa na mbao zisizo na mhuri unaweza kurudishwa, kutibiwa kwa gharama ya mwenyewe au mbao kuteketezwa, na parachichi halingoji mjadala.

Sasa matengenezo. Paleti ikishaondolewa chini ya vigae haitupwi. Katika miji yetu ina soko lake. Nyingine huvunjwa zikawa vitanda, makochi na mabanda ya kuku, nyingine huenda kwenye kuni, na zilizo nzimanzima hutengenezwa zikauzwa kubebea mizigo tena. Ni uchumi mzuri na sitaki kuuvuruga. Lakini fundi anayetoa ubao uliovunjika na kupigilia mwingine mbichi, huku mhuri wa zamani ukiachwa pembeni, amegeuza mhuri ule kuwa uongo bila kujua. Kiwango kinasema ubao wa kuziba uwe umetibiwa na uwe na mhuri wake, na kama kilichobadilishwa ni zaidi ya theluthi moja ya paleti, mihuri yote ya awali ifutwe, paleti itibiwe upya na kupigwa mhuri mpya. Nani amemwambia fundi huyo? Na tukumbuke kwamba soko hilihili ndilo linalozisafirisha mbao za kigeni kutoka bandarini kwenda bara. Mdudu anayetoka ndani ya paleti katikati ya yadi ya saruji mjini ana nafasi ndogo. Paleti ileile ikipanda lori na mashine ya kupasulia mbao mpaka Mafinga, imemfikisha mlangoni pa shamba. Anayenunua paleti kuukuu anaweza kuitazama kwa dakika moja: tundu za mviringo zinazozidi milimita 3, unga wa mbao unaodondoka ukiigonga, na gome lililobaki, kwani chini ya gome ndipo wengi hujificha. Aangalie pia herufi za tiba.

Hilo la herufi linanileta kwa methili bromidi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal matumizi yake mengi yalipaswa kukoma katika nchi zinazoendelea mwaka 2015. Matumizi ya karantini yameachwa nje ya katazo, na paleti ni karantini. Umoja wa Ulaya uliacha kabisa kuitumia mwaka 2010. Kwetu, kwenye magogo mengi na tanuri chache, kishawishi cha kufukiza gesi badala ya kujenga tanuri kipo, na ni akiba ya uongo: gesi huua na wafanyakazi wanaozembea, haina harufu ya kukuonya, na tanuri linabaki na thamani hata soko la paleti likilala.

Itasemwa kwamba kukagua mbao zinazoingia kutaziba bandari ambazo tayari zinalaumiwa kwa foleni. Kungeziba kama kila kontena lingefunguliwa getini, na hakuna anayependekeza hivyo. Mizigo haina hatari sawa. Mawe, vigae, vyuma na mashine ndivyo vinavyokutwa na wadudu mara nyingi, kwa sababu ni vizito, vinataka mbao nene, na thamani yake kwa kilo haimpi msafirishaji hamu ya kununua mbao nzuri. Umoja wa Ulaya uliliona hilo mwaka 2013 ukaamuru mbao zilizobeba mawe kutoka China zikaguliwe kwa viwango vya juu, huku mizigo mingine ikiachwa katika utaratibu wa kawaida. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na KEPHIS upande wa Kenya, zinaweza kuchagua kwa namna hiyohiyo: aina chache za mizigo, sehemu tu ya makontena yake, yakitazamwa yadini wakati wa kushusha vigae, saa ambayo milango iko wazi kwa vyovyote. Mipaka ya nchi kavu isisahauliwe. Paleti inayopita Tunduma au Namanga ni ya kimataifa sawasawa na iliyotoka Shanghai, na kama nyigu wa Afrika Kusini atakuja kwetu, njia ya lori ni fupi kuliko njia ya meli. Makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya wanyama na mimea yanataka tusimdai mgeni tusichojidai wenyewe; kwa hiyo fundi wa paleti wa kwetu naye lazima aingizwe kwenye utaratibu, kwa mafunzo kwanza na faini baadaye.

Na matokeo ya ukaguzi yatumwe. Mbao zenye mdudu hai zikikutwa, nchi iliyopokea inapaswa kuiarifu nchi iliyopeleka, ikitaja namba iliyo kwenye mhuri. Namba ile iliwekwa kwa kazi hiyo hasa: mamlaka ya huko inamfuata mwenye tanuri, inapima kipimajoto chake, na ikibidi inamnyang'anya mhuri. Kiwanda ambacho hakijawahi kulalamikiwa kutoka Dar es Salaam wala Mombasa huenda ni kizuri, au huenda hakuna aliyeisoma namba yake.